Siki Katika Icyansi cha Mama

Kinyinya, Kigali
14 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Flaviana,

Kabla sijakusalimu, nikuambie kwa nini nimeshika kalamu mwenyewe badala ya kumwomba Bernard akupigie simu. Kuna jambo nimekuficha kwa miaka ishirini na saba. Linahusu maziwa ya siku ile waliyokuja watu wa kina Mugenzi. Nitalisema lote, ila nivumilie nianze na habari za kawaida, maana mkono wangu unahitaji kuzoea karatasi kwanza.

U hali gani huko Bukoba? Goti limepata nafuu? Na shemeji Gerald, kile kikohozi kimemwacha, au bado anakataa kwenda hospitali kwa kisingizio cha migomba? Sisi hapa wote ni wazima isipokuwa mimi. Moyo umechoka. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba dawa zitanisogeza mbele kidogo lakini hazitanirudisha nilikotoka. Nilimshukuru kwa kuniheshimu kiasi hicho. Usilie, mdogo wangu. Nina miaka sabini na sita, nimekula chumvi ya kutosha.

Mwanangu Bernard na mkewe Kamikazi wamenihamishia kwao. Huku Kinyinya kila upande wanajenga, na vumbi jekundu linaingia hata madirisha yakifungwa. Ukiamka asubuhi unaweza kuandika jina lako juu ya friji. Kamikazi anafanya kazi ofisini kule Kimihurura, anatoka mapema, akirudi anakuta jiko limebadilika rangi. Alikuwa akinunua machupa ya dawa za kila aina, na mjukuu wangu Ikirezi akawa anapiga chafya mpaka machozi yanamtoka. Nikamwambia mkwe wangu kwamba nimefundisha kemia miaka thelathini na moja, aachane na machupa hayo, aniletee siki, magadi ya maandazi, chumvi na ndimu. Alicheka sana. Aliniuliza kama nataka kusafisha jiko au kutengeneza kachumbari.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu ya uzeeni. Naketi kwenye kigoda, napumzika kila baada ya dakika chache. Friji naipangusa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, na harufu ya samaki wa Bernard imehama. Birika la umeme lilikuwa na ukoko mweupe ndani. Nililichemshia siki na maji, nusu kwa nusu, ukabanduka wenyewe. Mafuta yaliyogandia jiko la gesi nayapaka magadi yaliyokorogwa kama uji mzito, nayaacha, nasinzia kidogo, nikiamka yanafutika kwa kitambaa. Kwenye maikrowevu naweka bakuli la maji na vipande vya ndimu mpaka mvuke ulainishe uchafu, na hapo Ikirezi ndiye anayepangusa. Ile meza ya marumaru tu ndiyo siipi siki wala ndimu, maana vinaila.

Jirani yetu Shallon, aliyekulia Mbarara, alikuja kuomba kiberiti akaliona birika linang'aa. Alisema, “Muzehe, ungekuwa msichana, kaka yangu angeshaleta ng'ombe hapa!” Nyumba nzima ikacheka. Mimi nilicheka nusu, nikakukumbuka wewe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumamosi mbili zilizopita Kamikazi alikuwa akipanga kabati, akakitoa icyansi cha Mama, kile chombo chake cha mti cha maziwa alichokibeba kichwani tulipokimbilia Karagwe na kurudi nacho tuliporudi nyumbani. Alikinusa, akakunja pua, akasema kinanuka moshi wa zamani. Akasema hiki nacho atakitia siki yangu, kitakuwa kipya. Alikuwa ameshafungua chupa.

Flaviana, nilipiga kelele. Mimi nisiyeweza kupanda ngazi tatu bila kusimama, niliruka kutoka kwenye kigoda nikamnyang'anya chupa, na siki ikamwagikia gauni lake la kutokea. Alishtuka, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha hapa mjini, “Papa, leo siki iko mbaya? Si ulisema iko dawa ya kila kitu?” Nilikaa chini nikihema. Nilipoweza kusema, nikamwambia kwamba chuma na kioo havinywi, lakini mti unakunywa, na ukishakunywa siki hautaitapika kwa suuzo moja. Akataka kujua kitabu gani kilinifundisha hayo. Nikamjibu kwamba si kitabu.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, ila unaikumbuka kwa upande wako. Tulikuwa tunakaa Kicukiro, karibu na Sonatubes. Ulikuwa na miaka thelathini na miwili, na shangazi zetu walishaanza kunong'ona. Ukoo wa Mugenzi ulikuwa unakuja kubisha hodi rasmi kwa posa yako, na Mama alitaka mzee wao apewe maziwa mabichi katika icyansi, si katika glasi. Siku iliyotangulia ulikiosha kwa maji ya moto na majani kama alivyokufundisha, bila tone la sabuni, ukakifukiza moshi mpaka kikanukia. Ulifanya kila kitu sawasawa. Nalirudia hilo ili ulisome mara mbili: ulifanya kila kitu sawasawa.

Asubuhi Mama alikwenda misa na wewe ukaenda kwa msusi. Nilibaki peke yangu na elimu yangu. Wiki hiyo nilikuwa nimefundisha kidato cha nne habari za asidi na vijidudu. Nikachungulia ndani ya icyansi, nikaona weusi, nikasema moyoni kwamba ndugu zake Mugenzi waliosoma Ulaya watatuona washamba. Nikatia magadi na siki, povu likapanda kama darasani, nikafurahi. Povu lilipotulia nikajaza siki tupu na kuiacha ndani mpaka karibu saa sita. Kisha nikasuuza mara moja, nikakifunika kwa kifuniko chake cha ukindu, nikakirudisha mahali pake.

Uliporudi nywele zimependeza, ulimimina maziwa ya ng'ombe wa jirani yangali na joto. Saa tisa wageni wakaketi. Hotuba zikawa ndefu, unajua zinavyokuwa. Yule mzee alipokifunua chombo, maziwa yalikuwa yamekatika mabonge, maji ya kijani yanaelea juu, na ile harufu. Hakukasirika. Alikifunika taratibu, akasema, “Haya tutayanywa siku nyingine.” Hakukuwa na siku nyingine. Nyumba ambayo binti yake hawezi kutunza maziwa, nani atarudi kuomba?

Mama alikukataza kushika maziwa yake tangu jioni ile. Baada ya miezi mitatu ukaenda kwa mjomba Bukoba. Alipofariki mwaka wa 2004, icyansi alimwachia marehemu mke wangu, mkwe, akakupita wewe mwanawe wa kumzaa. Na mpaka leo ukija Krismasi unaosha vikombe, unamenya ndizi, lakini jagi la maziwa likipita unarudisha mikono nyuma, na wajukuu wanakutania, “Bibi Asiyeshika Maziwa!” Unacheka nao. Nami nimekuwa nikicheka.

Hayo nilimweleza Kamikazi huku gauni lake likinuka siki. Alimwita Mungu, “Mana we!” Akaniuliza ni kitu gani kilinizuia kusema, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa. Nikamwambia ukweli ambao ni mdogo na wa aibu: Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na mimi nilikuwa mwalimu. Sikuweza kusimama mbele yake nikiri kwamba kemia yangu imeharibu kitu alichokijua yeye kwa mikono. Kamikazi hakunikemea. Alisema tu kwamba nisipokuandikia mimi, atakuandikia yeye, na Kiswahili chake nakijua kilivyo.

Tangu siku hiyo, mdogo wangu, nalala. Chakula nimeanza kukisikia ladha. Bernard anadhani ni vidonge vipya na sikumkatalia. Sikujua kwamba kitu nilichokibeba kilikuwa kizito hivyo mpaka nilipokishusha nusu yake.

Najua utaniambia, kwa jinsi ulivyo mpole, kwamba yasingetokea hayo usingempata Gerald wala wanao. Huenda. Hiyo ni kazi ya Mungu, nami sina haki ya kujificha nyuma yake. Nimewaita wajukuu wote sebuleni nikawaambia lile jina life, na nikawaeleza sababu. Ikirezi ameuliza kama babu atapewa adhabu. Nimemwambia tutakusubiri wewe uamue.

Icyansi ni chako. Bernard atakuletea mwezi ujao, amekifunga katika kitenge cha Mama. Usikitie kitu chochote kutoka kwangu. Kifukize mwenyewe, utie maziwa, umpe Gerald anywe wa kwanza. Msalimie sana, na wanao, na majirani wanaonikumbuka. Shallon na Kamikazi wanakusalimu, na Ikirezi amechora birika hapo nyuma ya karatasi.

Limebaki moja, ndiyo ile nusu ya pili. Hili hata Kamikazi sikumwambia, maana wewe ndiye mwenye haki ya kulisikia kwanza. Umeishi ukiamini kwamba Mama alikushuku mara tu kile kifuniko kilipofunuliwa. Sivyo. Wageni walipoondoka aliniita nyuma ya nyumba, akasema Flaviana wake hawezi kukosea maziwa, amemfundisha mwenyewe, lazima kuna mkono mwingine uliogusa chombo. Akaniuliza kama nilimwona mtu. Nikamjibu kwamba nilikuona wewe, asubuhi ile, ukikisugua kwa sabuni. Hakuamini. Akaniuliza tena, akinitazama machoni, na mara ya pili nikajibu vilevile, ni Flaviana.

Kaka yako,
Fortunatus