Mnara Wenye Mlango wa Juu

Vico dei Cordai 8,
Porto Sant'Erasmo,
Liguria.
12 Oktoba 1987

Mpendwa binamu yangu Mirta,

Pokea salamu zetu sote, pamoja na za goti langu la kushoto, ambalo wiki hii linanilaani kwa sababu yako. Hujambo? Watoto hawajambo? Na baba yako, Mjomba Ettore, kifua chake kinaendeleaje? Uliandika kwamba daktari anatikisa kichwa tu, na tangu siku hiyo silali vizuri. Sisi tu wazima. Mama ametimiza miaka sitini na minane na bado anatia dagaa chumvi mwenyewe, hataki kusaidiwa.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniuliza ni jengo gani la kale hapa kwetu ambalo mlango wake hauanzi chini, maana baba yako akipandwa na homa hulitaja hilo tu. Mirta, umemchokoza mtu asiyejua kuacha jambo. Mwalimu wa shule ya msingi asiye na kazi Jumapili ni mtu wa hatari.

Nilitafuta kwa siri, na sababu unaijua. Kwa Mama, baba yako, ndugu yake wa damu, ni "yule wa Amerika", basi. Mwaka wa 1948 Babu Baciccia na baba yako waliponea chupuchupu baharini, na babu akaweka nadhiri. Kikachorwa kibao cha shukrani, baba yako akapewa akakitundike kanisani kabla hajapanda meli ya kuja huko. Wiki mbili baada ya yeye kuondoka, babu akafa. Mama akaenda San Michele, kanisa letu la juu, akakitafuta ukuta kwa ukuta, asikione. Baba yako akaandika kwamba alikitundika. Mama akamjibu kwa neno moja: mwongo. Tangu hapo hawajaandikiana, na Mama huamini kwamba nadhiri isiyotimizwa ndiyo iliyomwondoa babu.

Nilianza na minara ya matajiri wa zamani, ile mitatu iliyobaki. Wa kwanza una mlango chini, lakini ukiinua macho unaona mwingine, umezibwa kwa mawe. Nikaruka kwa furaha. Kumbe mwenye mnara anafuga sungura humo, na akaniapia kwamba huo wa juu ulizibwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Baba yako asingeweza kuupitia. Miwili mingine haikunipa kitu ila vumbi.

Kwenye ngome nilikuta popo, na alama za waashi kwenye mawe. Kila mwashi alikuwa na yake, huyu samaki, yule nyota, ili ijulikane nani kachonga lipi. Nilikaa saa nzima nikitafuta nani alikuwa mvivu. Ni yule wa nyota.

Likabaki kanisa la Sant'Erasmo, mtakatifu wa mabaharia, kule kwenye rasi. Naona aibu kusema, lakini nina miaka arobaini na mitatu na sijawahi kuingia mle. Nyumba yetu ni ya watu wa mlimani, wa mizeituni. Walioshuka baharini ni babu na baba yako peke yao, na kanisa lile ni la wavuvi. Nikafika, nikabaki mdomo wazi. Ni mnara mnene, na mlango wake uko juu, kimo cha watu wawili. Zamani wakija maharamia, watu walipanda wakaivuta ngazi ndani.

Ufunguo na ngazi anavyo Bi Tecla, jirani wa pale, mjane wa mvuvi. Alinikagua toka kichwani hadi viatuni.

"Wa kwa Baciccia wewe?"

"Ndiyo, Bi Tecla. Mjukuu wake."

"Hatimaye! Nilidhani ninyi wa mlimani mnaogopa kulowa miguu. Haya, panda, mwalimu, lakini shika vizuri. Ukivunjika shingo nitaulizwa mimi."

Ndani, kuta zimejaa vibao vya nadhiri hadi darini. Nilivisoma kimoja kimoja. Juu ya dirisha la baharini nikaona mashua, wimbi jeusi, watu wawili, na chini yake: "Baciccia na mwanawe Ettore, Novemba 1948." Mirta, nililia kama mtoto.

"Lakini kwa nini huku?" nikamuuliza Bi Tecla niliposhuka.

"Sasa wapi? Nadhiri ya baharini inatimizwa kwenye ukuta wa kwanza uliouona ukirudi hai. Kila mvuvi anajua. Mama yako hakuuliza?"

Hakuuliza. Na baba yako hakutaja mahali, kwa kuwa hakudhani kuna asiyejua.

Nilimwambia Mama mezani usiku ule. Akanuna, akasema nimetungiwa uongo. Asubuhi nikamkuta amevaa viatu vya kanisani. Nilimwomba Bi Tecla akiteremshe kibao, akakataa katakata: kilichotundikwa hakiteremshwi. Basi Mama akapanda ngazi ile na nyonga yake mbovu, mimi nikimsukuma kwa chini.

"Usinisukume hivyo, mimi si gunia!"

Akafika. Akakitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya yule kijana ndani ya mashua. "Ettore," akasema. "Hata nywele zake hazikuchanwa." Sijawahi kusikia jina hilo kinywani mwake maisha yangu yote. Akaniuliza anaumwa kiasi gani, nikamwambia ukweli. Akaanza kushuka kabla sijaishika ngazi.

Msalimie mumeo Horacio, wabusu watoto, na mama zako wakubwa na wadogo. Sant'Erasmo amfunike mjomba kwa mkono wake, na nyumba yenu ijae afya.

Mimi binamu yako nikupendaye daima,

Gerolamo

Mama amenipokonya kalamu:

Ettore. Nimekiona. Mwongo nilikuwa mimi. Jumapili ya tarehe 25, saa kumi za jioni za huko, nitapiga simu, na usithubutu kufa kabla sijakuomba radhi kwa mdomo wangu. Dada yako, Benedetta.