Kilichompata Shabani kwenye Lami ya Madisi

Dzaleka, Malawi

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Mungu ikukute umeketi vizuri, goti limetulia na chakula kinashuka. Nilisikia upepo umeng'oa mabati kwa jirani zako. Je, kwako pakoje? Na mjukuu wako Zaina, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunapumua. Mdogo wangu Shabani yuko hai, anakula, anacheka, na anabishana nami kama kawaida yake. Nalitanguliza hilo ili usisikilize barua hii huku roho iko juu. Mpe Zaina akusomee polepole, na asiruke hata mstari mmoja.

Naandika kwa sababu kwa simu nilishindwa. Kila nikianza kusema unaanza kulia, halafu mtandao unakatika, na wewe unabaki na nusu ya habari. Nimeambiwa hiyo nusu imezunguka Kindu yote: eti Mmalawi mmoja alimgonga mtoto wako kusudi kwa kuwa ni mkimbizi. Mama, hata mimi niliamini hivyo. Sasa nivumilie nikueleze yote jinsi yalivyokuwa.

Unajua mimi nauza nyanya na vitunguu hapa sokoni kambini. Shabani alipofika mwaka huu akaniona nanunua kwa wachuuzi wanaonipunja, akaishika baisikeli ya dada yake, akasema, "Yaya, nipe kinga, mi nitaenda kuzichukua Madisi mwenyewe." Madisi ni senta ya soko, mbele yetu kwenye barabara kubwa ya lami itokayo Lilongwe kwenda kaskazini. Ni mbali, lakini vijana wengi wa hapa wanakwenda kwa baisikeli na kurudi. Kinga nilikuwa nayo. Nikampa. Nikamwambia ajihadhari na malori, basi. Sikumwambia lingine, maana nilijiona namtuma mtu aliyekulia kwenye baisikeli, mtoto wa baba aliyebeba abiria kwa baisikeli ya toleka maisha yake yote.

Siku moja mzigo wake ulichelewa kufungwa, akalala Madisi kwa Mmanyema mwenzetu, akaondoka asubuhi. Ilikuwa majira ya baridi, na baridi ya huku huja na ukungu unaoshuka mpaka kwenye lami. Mimi nilikuwa nimeshapanga meza yangu sokoni nilipopigiwa simu na mtu nisiyemjua. Akajitambulisha: Bambo Banda, yaani Bwana Banda, dereva wa pikapu, anaishi Lilongwe, Area 23. Akasema kwa Kichewa, "Mayi, nipo hospitali na mdogo wako. Njoo."

Nilimkuta Shabani amelazwa, mguu umevunjika chini ya goti, uso umechubuka upande mmoja. Bambo Banda alikuwa amesimama ukutani, mtu mzima mwenye mvi kidogo, shati lake jeupe lina madoa mekundu. Nikajua ni damu ya ndugu yangu. Sikumsalimu.

Muuguzi alikuwa ameshamuuliza Shabani, na jibu lilikuwa limeshasambaa wodi nzima: gari lilimpiga kwa nyuma. Nami nikamuuliza kwa Kiswahili, "Alikugonga kwa nyuma?" Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Polisi wa barabarani wakaandika hivyo hivyo. Tajiri wa Bambo Banda akamnyang'anya funguo za pikapu mpaka kesi iamuliwe.

Sasa sikiliza, Mama. Tuliporudi kambini na Shabani ana plasta mguuni, huyo bambo akaanza kuja. Mara ya kwanza alileta kabichi na sukari. Mara ya pili mayai. Mara ya tatu alishuka kwenye basi na kuku hai, amemfunga miguu kwa uzi. Anakaa kwenye mkeka, anautazama ule mguu, anauliza kama unauma, anasema pepani, yaani pole, halafu anatazama chini. Na kila akija lazima aulize swali moja lile lile: "Kijana, ulisikia honi yangu?"

Swali hilo lilinikosesha raha. Kwa nini honi? Nikasema huyu anatafuta neno la kwenda nalo polisi. Anataka mtoto aseme alisikia honi na hakupisha, kosa lote limrudie yeye.

Jirani yangu, Mama Furaha, yule fundi cherehani wa Bukavu niliyekuambia tunachota naye maji, akaongeza kuni. "Ule bambo mbona anarudia-rudia? Muntu mwenye hana makosa angekuja mara moja, aseme pole, aende. Na hivi vyakula, we unavijua vimetoka wapi?"

Nikaanza kuogopa hata mayai. Kabichi nikaitupa. Kuku nikamwacha atembee uani, na Shabani nikampikia maharage yangu mwenyewe. Bambo akiaga mimi nasimama mlangoni namtazama anavyokwenda: anaongea na nani, anageuka kutazama nini. Mara moja nilimwona amesimama na mwendesha kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baisikeli, wanaongea huku wakionyesha nyumba yetu kwa kidole. Nikamfuata yule kijana nikambana. Akashangaa. "Mayi, aliniuliza kama mkimbizi akivunjika mguu analetewa unga na nani."

Hata jibu hilo sikuliamini.

Wakati huo wote, bambo akija, Shabani anageukia ukuta, anajifanya kalala. Nami nikasema moyoni, anamwogopa aliyemuumiza.

Kinga ilikuwa imebaki kwa mama mmoja anayeuza viazi vitamu kandokando ya lami, karibu na pale Shabani alipoangukia. Nilikwenda kuichukua kwa sababu polisi walisema wataihitaji. Yule mama akanionyesha nyuma ya nyumba yake. Nikaishika, nikaisimamisha, nikabaki nimeduwaa.

Mama, wewe umeishi na baisikeli za baba uani. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjwa kama chapati. Uma wa mbele umerudi nyuma mpaka unagusa fremu. Lakini gurudumu la nyuma linazunguka salama. Madigadi ya nyuma haina hata mkwaruzo, na kile kitaa chekundu nilichonunua Lilongwe kipo palepale, kioo chake kizima. Gari gani hilo linalompiga mtu kwa nyuma likaacha taa ya nyuma nzima?

Nikamuuliza yule mama kijana aliangukia wapi. Akanipeleka. Kuna kalvati hapo, na ukingo wake wa zege umepakwa chokaa. Kwenye chokaa kulikuwa na alama nyeusi ya tairi nyembamba. Nikasimama pale nikatazama huku na huku, kutafuta upande wa kwenda kambini na upande wa kwenda Madisi. Ukingo ule ulikuwa upande wa kuume kwa mtu anayerudi Dzaleka.

Njo hapo nikaelewa. Huku magari hupita kushoto, Mama. Kwetu hupita kuume.

Nilirudi nyumbani bila hasira. Nilimkuta Shabani ameketi juu ya mkeka, mguu ameunyosha. Nikakaa mbele yake.

"Nimeiona kinga," nikamwambia.

Akageukia ukuta.

"Shabani, gari lilikugonga wapi?"

"Kwa nyuma."

"Taa ya nyuma ni nzima."

Akaanza kuchezea uzi wa plasta. Nilijua nikisema neno moja tu atalishika hilo neno na kulijibu, na lile lingine litapotea. Mwishowe akasema, macho chini, "Yaya, halikunigusa."

"Nini hakikukugusa?"

"Gari."

Akanieleza. Mara za kwanza alikuwa akipita kushoto kama wenzake. Lakini malori yanayotoka nyuma yalimtia hofu, anasikia tu mngurumo haoni, na upepo wake unamvuta. Akajiambia, heri nipite kuume kama kwetu, nione kinachokuja. Amefanya hivyo safari nyingi na hakuna aliyemkataza. Siku ile, ndani ya ukungu, akaona taa mbili ziko usoni pake. Akataka kutoka kwenye lami, lakini lami ile pembeni imelika, imekuwa ngazi. Gurudumu la mbele likashuka, mzigo ukamsukuma, akaingia kwenye zege. Kikapu kikakatika kamba, nyanya zikaruka zikapasukia kwenye kioo cha pikapu. Pikapu nayo ilikuwa imekwepa kwenda katikati ya barabara. Lingekuja lori upande wa pili, Bambo Banda asingebaki wa kusimulia.

"Na kwa nini ukasema amekugonga?"

"Muuguzi aliniuliza kwa Kichewa. Mi nilisikia neno la nyuma tu. Nikasema ndiyo, nilifikiri anauliza kama mgongo unauma. Kisha we ukakuja, ukaniuliza vilevile, na polisi naye. Batu bote walikuwa wameshasema. Nikashindwa kurudisha." Akapangusa uso kwa mkono. "Tena nilifikiri ukijua utaniondolea kinga."

Basi yale madoa kwenye shati la mzee wa watu, huenda mengi yalikuwa ya nyanya.

Mama Furaha aliposikia alisema tukae kimya. "Police bameisha andika. Mukibadilisha sasa, bataulizia hata kibali cha kutoka kambini. Ule bambo ni wa inchi yake, atajitetea." Sikulala vizuri, maana hofu yake ilikuwa na maana. Lakini nilimfikiria yule mtu anayekuja na kuku na kuondoka kichwa chini. Tukaomba kibali, na Shabani alipoweza kutembea kwa magongo nikampeleka Lilongwe.

Area 23 nyumba zimebanana, tuliuliza sana. Tulimkuta Bambo Banda ameketi kwenye kizingiti mchana, mtu asiye na kazi ya kwenda. Mkewe alikuwa anasonga nsima, ugali wa huku, jikoni nje. Mzee alipotuona alisimama haraka, nikaona usoni mwake woga ule ule niliokuwa nao mimi kila akija kwangu. Naye alikuwa ananishuku, Mama. Alidhani nimekuja kudai.

Nilimsukuma Shabani mbele. Akasema kwa Kichewa chake cha sokoni, maneno yakijikwaa, "Bambo, gari lako halikunigonga. Mimi nilipita upande mbaya. Niliona taa, nikaanguka mwenyewe."

Mzee akamtazama kama hajaelewa. "Nilisikia kishindo."

"Ni kinga na zege."

"Na ile nyekundu kwenye kioo?"

"Nyanya."

Bambo Banda akaketi tena kizingitini. Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile alikuwa ameinama kidogo kupangusa ukungu kwenye kioo kwa ndani, na tangu siku hiyo hakuwa anajua kama alipiga honi au hakupiga. Ndiyo maana alikuwa anauliza. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Akaita jikoni. "Mama Chisomo, njoo." Mkewe akatoka na mwiko mkononi. "Kijana, sema tena. Polepole, huyu asikie."

Shabani akasema tena, mara hii bila kujikwaa. Yule mama akaweka mwiko chini, akajifunika uso kwa kitenge chake, akaingia ndani. Tulimsikia analia. Aliporudi alituletea maji ya kunawa, akatuwekea nsima na mboga, nasi tukala kila kitu kilichokuwa sahanini.

Kesho yake tulikwenda polisi sote. Shabani alikaripiwa mpaka nikamwonea huruma, na afisa mmoja akamchorea barabara kwenye meza kwa chaki: wewe hapa, kushoto, gari nyuma yako, ukitaka kukata kwenda kuume, kwanza geuza kichwa uangalie, kisha nyosha mkono. Hawakutufunga. Wiki iliyofuata Bambo Banda alinipigia simu akiwa ndani ya pikapu.

Mguu umepona, ila asubuhi za baridi bado unamuuma. Kinga tumeibadilishia gurudumu na uma. Nimemwekea masharti. Ukungu ukiwepo haondoki mpaka jua liupasue. Mzigo usizidi upana wa usukani. Breki azijaribu hapa mlangoni nikiona. Avae ile fulana ya kung'aa, hata wenzake wakimcheka. Na akisikia lori nyuma na mbele kuna jingine, ashuke kwenye lami mapema, kwa mwendo mdogo, asingoje ukingo umwangushe. Kofia ngumu bado tunaitafuta.

Anakubali yote, na kukubali kwake kwa haraka ndiko kunakonitia shaka. Ndugu yangu huyu alishanitikisia kichwa mara moja, kule hospitali. Kwa hiyo siku ya kwanza aliyorudi barabarani nilimtangulia bila kumwambia, nikajificha nyuma ya rundo la matofali kwenye njia panda, pale barabara yetu inapoingia lamini. Mafundi matofali walinitazama kama mwehu. Akaja, fulana inang'aa. Akasimama kabisa. Akaingia kushoto. Mbele kidogo akageuza kichwa upande nilipokuwa, nikainua mkono kumpungia, nikidhani ameniona. Hakuniona. Alikuwa anaangalia gari lililokuwa nyuma yake. Akaliacha lipite, akaendelea.

Nisalimie kaka yako, Mjomba Saidi, na umwambie habari aliyoipeleka msikitini airekebishe hukohuko. Nisalimie shangazi yetu wa Alunguli, dada yake baba, na mkewe kaka Musa aliyejifungua. Zaina mbusu kwa kazi ya kusoma. Bambo Banda naye anakusalimu, ingawa hamjuani.

Utuombee dua, Mama, hasa asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Mwamini