Nimeamkia Sanamu Stesheni

Shoga, nimekwisha. Niko chooni stesheni.

Si unajua leo nilitumwa kumpokea baba mkwe, ambaye sijawahi kumwona? Mchumba wangu alisema mzee atakuwa kwenye benchi, kavaa kofia, anasoma gazeti.

Nikamkuta. Kofia ipo, gazeti lipo. Nikapiga goti, "Shikamoo baba." Kimya.

Nikarudia kwa sauti. Kimya! Nikajua mzee kanikataa. Nikaanza kujitetea, eti kupika najua, na huo uvivu ni maneno ya watu tu.

Nikamshika mkono. Baridi kama chuma.

Shoga, NI CHUMA! Ni sanamu! Wameiweka juzi kupamba stesheni, wakaipaka rangi mpaka kucha!

Nimeamkia sanamu mara mbili. MARA MBILI, na goti nikapiga!

Mara nyuma yangu nasikia, "Marahaba, mwanangu." Baba mkwe mwenyewe, gazeti kwapani, kasikia yote mpaka ya uvivu.

Nikatamani ardhi ipasuke. Akainama, akaninong'oneza: "Usimwambie mwanangu. Hata mimi nilimwomba huyo wa chuma asogee nikae. Aliponinyamazia, nikamtukana."