Siku Baba Alipokataa Kumvulia Malkia Kofia

Lambeth, London
1 Julai 1838

Mpendwa Dada Tamsin,

Salamu nyingi zikuvukie bahari hadi huko Sydney. Kile kikohozi kimekuachia? Na Shemeji Silas hajambo, au jeshi limemhamisha tena? Sisi tu wazima, ila goti la Baba humsumbua mvua ikinyesha, na mvua ya huku unaijua.

Dada, Alhamisi malkia wetu amevikwa taji! Jiji zima lilihamia barabarani. Mabibi wakubwa walijaa madirishani, wamejipamba kama bustani, na sisi wengine tulibanana chini tangu alfajiri.

Shangazi Dorcas ndiye aliyemtoa Baba nyumbani. Unajua tangu Baba Mdogo akanyagwe na farasi wa askari kwenye ule mkutano wa wafumaji, Baba hamvulii mfalme kofia, wala hataki kuona koti jekundu la askari. Ndiyo maana ulipoolewa na askari alikataza jina lako lisitajwe. Nisamehe kwa kukutonesha.

"Mimi niende kutazama dhahabu ikitembea?" Baba alisema.

"Nenda ukamnunie kwa karibu," Shangazi akamjibu. "Ukinuna hapa jikoni atajuaje?"

Akaenda, kofia kaikandamiza hadi masikioni.

Tulisimama Charing Cross. Manyunyu yalikatika, anga likafunguka, mizinga ikalia, mara likatokea gari la dhahabu likivutwa na farasi weupe kama maziwa. Kofia zote zikavuliwa, isipokuwa moja.

"We mzee, hiyo kofia imeota kichwani?" akafoka muuza nyama mmoja, pande la mtu.

"Imeota. Ing'oe uone!"

Yule bwana akanyoosha mkono kweli. Watu wakasukumana, goti la Baba likalegea, akaanguka. Nilipiga yowe, Dada. Walio nyuma walizidi kusukuma, hawajui kuna mtu chini, nami nikaona Baba anakufa kifo cha ndugu yake.

Askari mmoja kati ya waliopangwa mbele yetu akageuka, kijana wa koti jekundu. Akaishika bunduki mshazari kuwazuia watu, akamwinua Baba kwa mkono mmoja, akamsimamisha ubavuni pake.

"Kaa hapa, babu. Hapa hakugusi mtu."

"Mimi simvulii mtu kofia," Baba akasema huku akitweta.

"Kwani nimekuuliza habari za kofia?"

Basi Baba akamwona malkia kuliko sisi sote. Nami nilimwona. Ni mdogo, Dada, mdogo! Uso umempauka na mabega ni ya msichana, lakini shingo imenyooka, na aliwainamia watu huku na huku, hata sisi wa matopeni, kana kwamba kila mmoja kaalikwa kwa jina. Nilijikuta nalia. Miaka kumi na tisa tu, na nchi nzima imemkalia mabegani, naye anatabasamu!

Baba alimkazia macho, kisha akapaza sauti: "Mungu akutie nguvu, mwanangu! Hao wazee wanaokushauri usiwasikilize wote!"

Watu wakaangua kicheko, hata muuza nyama. Kofia haikutoka kichwani.

Gari lilipopita, Baba akatoa mkate na jibini mfukoni, akakata nusu, akampa yule askari, naye akauficha ndani ya koti.

"Baba yako yu hai?" Baba akamwuliza.

"Yu hai. Ila hanitaki tangu nijiunge na jeshi."

Baba akampa na ile nusu iliyobaki. Kisha tukarudi nyumbani.

Jana Baba alikuwa anashona tandiko la farasi, nami namenya viazi. Bila kuinua macho akasema, "Ukimwandikia Tamsin, mwulize huyo Silas wake huko wanamlisha vizuri?"

Kisu kilinidondoka. Miaka yote hiyo sikujua kwamba anajua nakuandikia.

Basi jibu swali lake, Dada, na bahasha uiandike kwa jina la Baba mwenyewe, si langu.

Shangazi Dorcas na mume wangu Enoch wanakusalimu sana. Mungu awafunike wewe na Silas kwa mkono wake, awape afya na njia ya kurudi.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Keziah