Diski Nne za Kaka Rashidi

Kaka yangu Rashidi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Mama hakutulea hivyo. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba chako cha kazi, hapa Lushoto, nyuma ya soko. Ukungu umeshuka kutoka Magamba tangu asubuhi na dirishani hakuonekani kitu. Nina jambo la kukuambia, nimelizunguka wiki tatu nzima. Sauti ya mama imepotea. Na yako pia. Nimezifuta mimi.

Unakumbuka siku ulipoiunda ile kompyuta? Ulikuwa umechoka kuwaomba radhi maharusi uliowapiga video kila diski ilipokufa na video zao. Ukarudi kutoka Tanga na diski nne zinazofanana, na kadi moja ya kuziunganisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kila mtu pale nyumbani alikuwa na la kunishauri isipokuwa wewe. Ulinipa bisibisi, ukasema, "Zaina, kaa hapa utazame."

Ukanieleza kwa mambo ninayoyajua. "Chukulia wanawake wanne wamebeba mzigo mmoja kwenda gulio la Soni. Mmoja akianguka njiani, watatu wanafika nao. Anayejua nani kabeba nini ni hii kadi. Windo inayoiendesha kompyuta haijui. Yenyewe inaona mzigo mmoja tu."

Tulipoanza kupiga windo, yaani kuiweka kwenye kompyuta, kompyuta ikasema haioni diski hata moja. Nilidhani tumeshaharibu. Ulicheka, ukachomeka flashi yenye draiva, programu ya kuitambulisha kadi, na kwenye skrini ikatokea diski moja kubwa. "Umeona? Nne zimekuwa moja. Ukiona moja, endelea." Kompyuta ikauliza kama ifute kila kilichomo. Ulibonyeza ndiyo bila hata kusoma, maana diski zilikuwa mpya, hazina kitu. Nilikitazama kidole chako, kaka. Katika yote uliyonifundisha siku ile, hicho ndicho kilichonikaa zaidi.

Halafu ukamrekodi mama. Alikuwa anachambua maharage uani, nawe ukaweka kamera juu ya ndoo iliyofunikwa, ukamwuliza alivyokuja kuolewa. Alikujibu kwa Kishambaa, kwanza kwa aibu, kisha akanogewa. Alisema alitembea kutoka Mtae na viatu mkononi ili visichakae kabla baba hajaviona. Ukacheka mpaka kamera ikatikisika. Mama akakuambia, "Wewe unacheka, mimi miguu iliniuma!" Saa nzima na ushee, nyinyi wawili. Mimi sikuwemo. Nilikuwa jikoni, na mara moja tu inasikika sufuria ikidondoka.

Ulipoondoka, hatukuweza kuitazama video hiyo uliyoihifadhi kwenye zile diski. Ile homa yako, tuliyoiona ya kawaida, ilikuchukua kabla hatujazoea kwamba unaumwa. Nikafunga chumba hiki. Kisha mama akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamwishia. Akawa anaguna tu, na macho yake yale yale yanakutazama kama yanajua kila kitu. Alikataa uji, alikataa maziwa. Siku moja nikaihamishia kompyuta chumbani kwake, nikaifungulia ile video, na uliposema "Haya mama, anza," akafungua mdomo. Nikamlisha kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi ananyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea ile kona, nami nawasha. Alikuwa akisikiliza maneno yake mwenyewe na midomo inacheza. Nilikuwa na simu mfukoni, kaka. Ningeweza kuinakili ile video kwa dakika chache. Kila siku nilisema kesho.

Juma lile la mvua umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Nilipowasha, skrini ilikuwa nyeusi ina mistari miwili ya Kiingereza: haioni mfumo wowote wa kuendesha. Nilimpigia fundi wa Tanga, yule uliyekuwa ukinunua kwake vifaa. Akasema, "Usiguse chochote dada. Nakuja Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Mama hakula Jumanne. Jumatano alipokea maji tu, na mkono ule ulikuwa umenyooshwa kuelekea kona muda wote, hata aliposinzia. Alhamisi asubuhi nikaona midomo yake imepasuka. Nikasema, Rashidi alinifundisha. Nikairudisha kompyuta hapa chumbani kwako, nikachukua flashi yako kwenye droo.

Nilifuata kila hatua. Nilitia draiva. Lakini badala ya diski moja, kompyuta haikuona hata moja. Nikaingia kwenye menyu ya kadi, nikazikuta nne zimeorodheshwa, kila moja peke yake, kama hazijawahi kujuana. Chini yake palikuwa na maneno: unda mpangilio mpya. Nikakumbuka ulivyosema, nne ziwe moja. Nikazichagua zote. Ikaniuliza kama ifute kila kilichomo. Niliyasoma maneno hayo, sitakudanganya. Nikajiambia, hata Rashidi ilimwuliza hivi. Nikabonyeza ndiyo.

Ilichukua mpaka alasiri kujaza diski zote. Nilikuwa nikienda kwa mama na kumwambia, "Vumilia, karibu inakuwa tayari." Kisha nikapiga windo, ikaingia vizuri, haikugoma mahali popote. Picha ile ya buluu ya windo ilipotokea niliruka kwa furaha. Nikafungua diski yako. Ilikuwa kubwa na safi. Hapakuwa na faili hata moja.

Fundi alikuja Ijumaa kama alivyoahidi. Alikaa hapa kwenye kiti chako akaipekua menyu ya kadi.

"Dada, uliunda upya?"

"Ndiyo."

"Ikaandika mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Kadi ilikuwa imesahau tu kwa ule umeme. Diski zenyewe zilikuwa bado zinakumbuka. Ungeiambia izisome."

"Na sasa?"

"Sasa zina sifuri tupu. Pole sana." Hakunigombeza. Alikunywa chai nusu kikombe, akawahi gari la Mombo.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama. Aliponyoosha mkono nikamwambia umeme umekatika. Akageuza macho taratibu, akaitazama taa ya darini. Ilikuwa inawaka. Kisha akanitazama mimi.

Nikapiga magoti nikamweleza yote. Nikamwambia nitamsimulia mimi, naijua hadithi yote. Nikaanza, kwa Kishambaa changu cha kuchanganya: alivyotoka Mtae, alivyobeba viatu. Alinisikiliza mpaka hapo penye viatu. Halafu akaushusha mkono wake kitandani, akageuza uso ukutani.

Sasa analishwa kwa mpira puani. Muuguzi anapanda kuja kumwona, anasema tujiandae. Mama haombi tena kitu. Sikulaumu kwa kunifundisha nusu, kaka. Ulidhani tuna miaka mingi ya kumalizia. Watu wananiambia nimshukuru Mungu nilikuwa na nia njema. Nia njema sijui niiweke wapi. Mama hanitazami.

Sikuombi unisamehe, maana hata ukinisamehe sitasikia. Nilitaka tu ujue kutoka kwangu, kabla yeye hajafika huko akakueleza.

Juzi, wakati nambadilishia shuka, nilijaribu kukusikia ukimwambia, "Haya mama, anza." Nilifumba macho nikasubiri. Maneno yalikuja yote, kwa mpangilio wake. Lakini sauti ilikuwa yangu.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako,
Zaina