Maji ya Kifuani mwa Baba Minza

Jumatatu, 3 Februari
Darasa la sita, vimeng'enya tena. Mate humeng'enya wanga, nimeimba mpaka koo limekauka. Nimerudi nyumbani Nyasubi, Baba Minza yuko kitandani mchana kweupe. Mume wangu halali mchana. Amerudi juzi kutoka machimboni Geita, anasema ni uchovu. Uchovu gani unamfanya mtu aheme juu juu akiwa amekaa? Na hayo maziwa! Anakunywa vikombe kwa vikombe, ati yanasafisha vumbi la mwamba kifuani. Wachimbaji wote wanaamini hivyo. Nimemwambia maziwa yanaenda tumboni, kifuani hayafiki. Amenuna.

Jumatano, 5 Februari
Nimemburuta hospitali. Picha imeonyesha maji, upande wa kulia, nje ya pafu. Makohozi hayakuonyesha kitu. Wamemchoma sindano mgongoni, wakatoa maji ya njano. Sikuweza kuangalia.

Daktari ni binti mdogo, mwenye subira. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa saratani. Maji yanapelekwa hospitali kubwa, kwenye boksi la barafu, wapime kimeng'enya fulani. Askari wa mwili wakipigana na kifua kikuu mle ndani, kimeng'enya hicho hupanda sana. Makubwa! Miaka yote nafundisha vya mate na tumbo, kumbe kuna vingine vinavyotoa habari za ugonjwa.

Baba Minza akauliza, "Kama kimepanda, si mkishushe tu?" Daktari hakumcheka. Akasema ipo saratani ya damu ambayo dawa yake hukizima kimeng'enya hichohicho. Kwenye kifua kikuu wanakiacha, wanawapiga vijidudu. "Kwako wewe, baba, kinatuonyesha njia tu."

Majibu wiki ijayo. Saratani. Sitaliandika tena neno hilo.

Ijumaa, 7 Februari
Mabula kapiga simu. Ni mshirika wa Baba Minza kwenye duara, yaani shimo wanalochimba pamoja. Mwamba wenye dhahabu umewapotea. Mganga wao aliwapa miiko: wasioge, wasilale na wake zao mpaka dhahabu itoke. Sasa wanasema Baba Minza alikuja kwangu, akavunja mwiko, akawaharibia. Jamani! Mtu hawezi hata kulalia ubavu kwa maumivu. Nilitaka kuipokonya simu. Yeye akasema tu, "Nakuja."

Nimemwomba asubiri majibu. Kanyamaza. Kunyamaza kwa mwanamume wa Kisukuma nakujua. Hapo keshaamua.

Jumatatu, 10 Februari
Kaondoka. Nimetoka shule, begi halipo. Kamwachia ujumbe binti yetu Minza: mwambie mama nitarudi nikipata. Mwoga mkubwa. Simu haipatikani. Nimefua mashuka yote ya nyumba, hasira haijaisha. Mle chini hewa haimtoshi hata mzima, sembuse mtu mwenye kifua kilichojaa maji.

Alhamisi, 13 Februari
Daktari kapiga nikiwa darasani. Nikatoka mbio, chaki mkononi. Kimeng'enya kimepanda mno, na chembe walizoziona kwenye maji zinaelekea hukohuko. Dalili za ule ugonjwa mwingine hawakuziona. Ni kifua kikuu cha utando wa pafu. Dawa ipo, ni ya bure, aanze mara moja.

Nimelia nyuma ya vyoo vya shule, kwa furaha. Kisha nikaogopa kuliko mwanzo. Ile nyingine ningemwachia Mungu. Hii inatibika, na mwenyewe yuko shimoni.

Ijumaa, 14 Februari
Naandika kabla sijanawa miguu.

Ruhusa kwa mwalimu mkuu, basi, bodaboda, matope mpaka magotini. Mama ntilie mmoja kanionyesha duara lao, akanionya nisisogee. Mwanamke hafiki mdomoni mwa duara, dhahabu hukimbia. Mabula alikuwa juu, kashika kamba. Nikamsalimu kwa adabu zote. Nikamweleza ugonjwa, nikamwomba amtoe mume wangu.

"Atatoka jioni, shemeji. Mwamba tumeuona."

Hapo nikasikia kikohozi kinapanda kutoka chini. Nilikijua. Nikampita Mabula, nikaketi kwenye magogo ya mdomo wa duara, miguu ikining'inia ndani.

Weee! Kelele! "Mama, mayu, ondoka hapo! Unatuua!" Wakaja hata wa maduara ya jirani, wengine na sululu. Niliogopa, nisijidanganye. Nikawaambia siondoki mpaka atoke, na atakayenisukuma atanitumbukiza humo humo, halafu waone dhahabu gani itabaki. Hakuna aliyenigusa. Mganga wao kanisaidia bila kujua: miiko yake ndiyo iliyowazuia kunigusa. Mabula akaanza kuvuta kamba huku ananilaani mimi na ukoo wangu.

Baba Minza katoka na vumbi mpaka kwenye kope. Hakunitazama. Hata nguvu ya kunitukana hakuwa nayo.

Jumamosi, 15 Februari
Kaanza dawa. Kameza mbele ya nesi, nami nikihesabu mafundo. Mimi na Minza tumechunguzwa, tuko salama.

Wenzake wamemtoa kwenye duara. Dhahabu ikitoka, hana chake. Haongei na mimi. Anasema na Minza: mwambie mama yako alete chumvi. Nimemwaibisha mbele ya wanaume, najua. Inaniuma. Ningefanya tena kesho.

Jumanne, 18 Februari
Mkojo umekuwa mwekundu, kapiga yowe chooni. Ni dawa tu, daktari alishatuambia. Nimemweleza kupitia mlangoni.

Jumapili, 2 Machi
Tumekwenda kanisani, mimi na Minza. Baba Minza kabaki nyumbani, bado haongei na mimi. Anatembea mpaka bombani bila kupumzika sasa, na shati linaanza kumkaa.

Mchana nilikuwa uani nachambua mchele. Mabula kampigia. Simu ina sauti kubwa, nilisikia kila kitu. Mwamba umewapotea tena. Halafu akakohoa. Akakohoa sana, mpaka Baba Minza akaisogeza simu mbali na sikio.

"Kapime," akamwambia. Mabula akaanza maneno ya vumbi na kazi. Baba Minza akamkatiza: "Kapime, Mabula. Ukikataa namtuma mke wangu aje akae pale."

Akakata simu. Akamfukuza kuku aliyesogelea ungo wangu.

"Mama Minza," akaniambia mimi mwenyewe, "leo tunakula nini?"

Nikamwambia wali. Nikainuka na ungo wangu, nikaingia jikoni haraka, asinione uso.