Stesheni Mpya na Goti la Mama Yako

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Stesheni ya Zamani,
Jumapili asubuhi.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya habari yoyote. Hujambo huko uliko? Mume wako na wale mapacha hawajambo? Kikohozi kimekwisha, au bado unajitia ushujaa wa kunywa maji baridi? Mimi mzima, ila masikio yameanza kuchagua ya kusikia. Mama yako naye mzima, isipokuwa lile goti ambalo kwa ajili yake unataka kumhamishia kwako mwisho wa mwezi.

Treni inarudi mtaani kwetu! Na kosa la wengi ni kudhani kwamba stesheni mpya lazima ikae palipokuwa na mojawapo ya zile mbili za zamani. Reli haihami, mwanangu. Watu ndio wanaohama. Stesheni ya juu ilijengwa kwa ajili ya kinu cha unga, ya chini kwa ajili ya kiwanda. Kinu kilikufa, kiwanda kikakifuata, na stesheni zote mbili zikafungwa. Nani atashuka huko leo, panya?

Hata hivyo, Jumanne ukumbi wa shule ulichemka. Watu wa juu walitaka yao, wa chini yao. Walipochoka kupayuka wakaafikiana iwe katikati kabisa, wakajipigia makofi. Mhandisi wa reli, binti mmoja mpole, akatikisa kichwa. Pale katikati reli inapinda, na behewa likisimama kwenye kona huacha mwanya kati ya mlango na jukwaa, mpana wa kumeza mguu wa mtu.

Hapo mama yako akasimama, mkono kiunoni.

"Mlikuwa mnagombea marehemu wawili, sasa mnataka kuzaa wa tatu! Mhandisi, mwanangu, sisi wa magoti tushukie wapi?"

"Sema tu unaitaka mlangoni kwako, Mama Cherehani!" kinyozi akamtania.

"Nyamaza wewe, uliyemnyoa kaka yangu nusu ya sikio!"

Ukumbi mzima ukanigeukia kukagua sikio langu.

Kicheko kilipotulia, mhandisi akaweka kidole kwenye ramani, kando ya zahanati. Reli hapo imenyooka, na ndipo watu wa juu na wa chini hukutana kila asubuhi. Njia wamekwisha kuichonga kwa viatu vyao. Mikono ikapanda pande zote. Jana vigingi vilipigiliwa. Mama yako alikwenda kuvitazama kwa miguu yake, maana kutoka kwake hadi hapo hakuna mlima kama ule wa kituo cha basi. Hakupumzika hata mara moja.

Stesheni itachukua mwaka. Kwa sasa, ili asipande ule mlima wa basi, sare anazoshona nitawafikishia wateja kwa gari langu, likikubali kuwaka.

Najua umemtengea chumba kwa mapenzi. Lakini hataki kuiacha kazi yake ya cherehani na wateja wake, na anaona haya kukukatalia. Anafunga vitambaa vyake kwenye maboksi, kisha anavifungua kushona, kisha anavifunga tena.

Nisalimie mumeo, mapacha, na mama mkwe wako mcheshi. Mungu awafunike kwa heri, na riziki iwafuate mlipo.

Mpigie mama yako simu leo, umwambie abaki.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Mjomba wako.